Picha za usiku: kazi ya kamera na kazi ya kuhariri

Swali linaloulizwa kuliko yote kuhusu kupiga picha gizani ni hili: "ISO niweke ngapi?" ISO ni namba inayoiambia kamera iukuze kiasi gani mwanga iliokwisha kuupokea. Anayeuliza mara nyingi ameshapiga picha za harusi au za tamasha, amezifungua kwenye kompyuta, ameona nyuso zimejaa chenga, yaani vipunje kama vya mchanga, na ameamua kwamba mchawi ni ISO. Mara inayofuata anaishusha hadi 400. Picha zinatoka nyeusi, anazivuta juu kwenye programu ya kuhariri kama Lightroom au Snapseed, na chenga zinarudi pale pale, safari hii zikiwa na madoa ya kijani na zambarau kwenye mashavu ya watu.

Hapo ndipo wengi wanapokata tamaa na kusema kamera yao ni mbovu au ya bei rahisi. Kamera nyingi zilizouzwa miaka kumi iliyopita zinaweza kutoa picha nzuri ya usiku. Kinachokosekana ni kujua ni kazi ipi lazima ifanyike wakati wa kubonyeza kitufe, na ni ipi inaweza kusubiri mezani, wakati wa kuhariri. Mambo haya mawili yamefungamana kiasi kwamba ukifundishwa moja bila lingine unabaki na vipande tu: huyu anakwambia "usipandishe ISO", yule anakwambia "piga giza utarekebisha baadaye", na mwingine anakwambia "kila kitu kipatikane kwenye kamera". Kila mmoja ana mahali pake pa kuwa sahihi, na pengine pa kukuharibia picha.

Chenga zinatoka wapi

Mwanga hufika kwenye sensa, kile kipande ndani ya kamera kinachoupokea, kwa chembe ndogo ziitwazo fotoni. Chembe hizi haziji kwa mpangilio. Hata ukuta wenye rangi moja, uliomulikwa sawasawa, hutuma fotoni nyingi kidogo kwenye pikseli hii, yaani nukta moja ya picha, na chache kidogo kwenye pikseli ya jirani, kwa bahati tu. Tofauti hiyo ndiyo chenga.

Hesabu yake ni rahisi na inafaa kukaa kichwani. Mtawanyiko wa fotoni ni kipeuo cha pili cha idadi yake, yaani namba ambayo ukiizidisha kwa yenyewe unapata idadi hiyo. Pikseli zinazopokea wastani wa fotoni 10,000 zitatofautiana kwa kama 100, ambayo ni asilimia 1, na jicho halioni kitu. Zikipokea 100 tu, zitatofautiana kwa kama 10, ambayo ni asilimia 10, na hapo shavu la bibi harusi linaanza kuonekana kama limemwagiwa mchanga. Kamera haijakosea popote. Mwanga wenyewe ulikuwa mchache mno kuchora shavu lile vizuri.

Kwa hiyo ukiacha kuongeza taa, kuna mipangilio miwili tu inayoamua chenga hizo: apacha, yaani ukubwa wa tundu la lenzi, na shata, yaani muda ambao sensa inapokea mwanga. ISO inaingia baada ya hapo, wakati mwanga umeshakusanywa. Fikiria redio inayoshika stesheni ya mbali kwa shida. Ukiongeza sauti utamsikia mtangazaji vizuri zaidi, na mikwaruzo nayo utaisikia zaidi, lakini mikwaruzo ilikuwepo tangu mwanzo, na kupunguza sauti hakuifanyi stesheni ije karibu.

Ndiyo maana picha za ISO 6400 huwa na chenga: unapanda hadi 6400 pale tu ambapo mwanga ni mchache. Piga picha mchana kweupe kwa ISO 6400 na nyingine kwa ISO 100, ukiacha kamera ibadilishe shata yenyewe, na utaona tofauti. Lakini sababu yake ni kwamba ile ya 6400 ilifungua shata kwa muda mfupi mara 64, ikapokea mwanga mdogo mara 64.

Anza na mwendo, halafu tundu

Wapiga picha hupima mwanga kwa stopu. Stopu moja juu ni mwanga mara mbili, stopu moja chini ni nusu. Kwenye shata, kutoka 1/250 ya sekunde kwenda 1/125 ni stopu moja. Kwenye apacha, safari ya f/5.6, f/4, f/2.8, f/2, f/1.4 ni stopu moja kila hatua; namba ikipungua, tundu linakua. Kwenye ISO, 800 kwenda 1600 ni stopu moja. Ukishazoea kuhesabu kwa stopu, mipangilio mitatu inakuwa lugha moja, na kitelezi cha mwangaza kwenye programu ya kuhariri nacho kinaongea lugha hiyo hiyo: +1 pale ni stopu moja.

Gizani mimi huanza na shata, kwa sababu kosa la shata ndilo lisilo na dawa. Chenga unaweza kuzipunguza. Rangi unaweza kuirekebisha. Uso uliotikisika umetikisika. Mtu aliyesimama anaongea anahitaji 1/125. Akiwa anacheza, au ni mtoto, 1/250 na kuendelea. Aliyetulia kabisa kusikiliza hotuba unaweza kumpata kwa 1/60. Mfumo wa kutuliza lenzi unafidia mtetemo wa mkono wako, lakini haumtulizi anayecheza.

Kuna jambo moja la shata ambalo halisemwi sana. Umeme wa Tanzania na Kenya ni wa hezi 50, na taa nyingi zinazotumia umeme huo hupanda na kushuka mwangaza mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni. Kamera inaona. Ukipiga kwa 1/500 chini ya taa za tyubu au LED za bei rahisi, picha moja itatoka angavu, inayofuata hafifu, nyingine ina mkanda wa njano katikati. Shata ya 1/100 inakamata mzunguko mmoja kamili na 1/50 inakamata miwili, kwa hiyo picha zinalingana. Ukumbi ukiwa na tatizo hili, 1/100 ndiyo shata yako ya kuanzia. Marekani, ambako umeme ni wa hezi 60, wao hutumia 1/60 au 1/120, na ndiyo sababu ushauri wa video za kule haulingani kila mara na ukumbi wa hapa.

Baada ya shata, fungua tundu. Hapa ndipo fedha zinapofanya kazi kweli. Lenzi ya milimita 18-55 inayokuja na kamera, ukiivuta hadi mwisho, inafunguka f/5.6 tu. Lenzi ya 50 yenye f/1.8, ambayo kwa kampuni nyingi ni miongoni mwa lenzi za bei nafuu kabisa, inapitisha mwanga karibu mara kumi zaidi. Mara kumi! Hakuna programu ya kuhariri itakayokupa hicho. Mtu akiniuliza auze nini anunue nini ili apige picha za usiku, jibu langu ni moja: abaki na kamera aliyonayo, anunue lenzi ile.

Gharama ya tundu kubwa ni fokasi: sehemu ya picha inayotoka kali inakuwa nyembamba. Kwenye kamera yenye sensa ya APS-C, saizi iliyozoeleka kwenye kamera za kawaida, ukimpiga mtu kwa lenzi ya 50 ukiwa mita 1.5 kutoka kwake, kwa f/1.8, sehemu iliyo kali ni kama sentimita 6 tu. Jicho likiwa kali, sikio limeshaanza kufifia. Kwa mtu mmoja ni picha nzuri. Kwa bwana na bibi harusi waliosimama mmoja mbele ya mwingine, mmoja atapotea. Hapo hakuna ujanja: rudi nyuma hatua mbili, au funga hadi f/2.8 ukubali ISO ipande. Picha ya watu wawili yenye chenga kidogo ni bora kuliko picha safi ya mtu mmoja na ukungu.

Shata na tundu vikishakaa, ISO inachukua kilichobaki. Siiogopi. Kamera yangu naiweka kwenye hali ya mkono (M), shata 1/125, apacha f/2, na ISO naiacha ijipange yenyewe, nikiiwekea mwisho wa 6400. Kisha natumia kitufe cha kuongeza na kupunguza mwangaza kuiambia kamera kama naitaka ing'ae zaidi au kidogo. Kwa namna hii akili yangu inabaki kwa watu.

ISO au kuhariri: nani apandishe?

Sasa tuje kwenye fundo lenyewe. Ikiwa ISO haiongezi mwanga, na kitelezi cha mwangaza hakiongezi mwanga, kuna tofauti gani kati ya kupiga kwa ISO 3200 na kupiga kwa ISO 400 kisha kupandisha stopu tatu mezani?

Jibu linategemea kamera. Mbali na chenga za mwanga wenyewe, mashine nayo ina chenga zake, zinazoingia wakati ishara ya umeme inasomwa na kugeuzwa kuwa namba. Kwenye kamera nyingi, hasa za zamani, sehemu kubwa ya chenga hizi huingia baada ya ISO kufanya kazi yake. Ukipandisha ISO, ishara inakuzwa kabla haijakutana nazo, na zinabaki ndogo kwa kulinganisha. Ukiacha ISO chini na kupandisha mezani, unaikuza ishara pamoja na chenga hizo zote. Hapo ndipo yanapotoka yale madoa ya kijani na zambarau, na mistari kwenye vivuli. Kwenye kamera nyingine, nyingi zikiwa za miaka ya karibuni, chenga za mashine ni ndogo mno kiasi kwamba njia zote mbili zinakaribiana.

Usimwamini mtu, pima yako. Usiku, weka kamera juu ya meza au stendi, elekeza kitu chenye kivuli kizito, kama kabati lililofunguliwa nusu. Chagua RAW, yaani faili ghafi lenye kila kitu ambacho sensa imepokea. Piga f/4, 1/60, ISO 3200. Usiguse apacha wala shata, shusha ISO hadi 400, piga tena. Kwenye kompyuta ipandishe ile ya pili stopu tatu, kisha zikuze zote hadi asilimia 100 na ulinganishe ndani ya kabati. Zikifanana, una kamera inayokuruhusu kupiga giza na kurekebisha. Ile ya pili ikiwa chafu zaidi, umejua kwamba kwa kamera yako ISO ipandishwe pale pale ulipo. Jaribio hili la dakika kumi lina faida kuliko mabishano yote ya mtandaoni, kwa sababu wabishanao wanashika kamera tofauti.

Mbona basi mtu apige giza kwa makusudi? Kwa sababu ISO ina gharama moja ambayo haitajwi inavyostahili: kila stopu unayopandisha inakunyang'anya stopu moja ya sehemu angavu. Kilichopita ukomo wa juu kinaungua, kinakuwa cheupe kitupu, na hakirudi. Chukua jukwaa la ndani ya Ngome Kongwe, Unguja, wakati wa Sauti za Busara, tamasha lililoanza 2004. Taa kali ya jukwaa inampiga mwimbaji usoni, nyuma yake ni giza totoro, na kuta za mawe zinaonekana kwa mbali. Kamera ikiachiwa yenyewe inaona weusi mwingi, inadhani eneo zima halina mwanga, inapandisha ISO, na paji la uso la mwimbaji linaungua. Hapo ningeshusha stopu moja na nusu au mbili, niulinde uso, na kuta nizipandishe mezani kadiri zinavyostahimili. Zikiwa na chenga, ni kuta. Hakuna aliyekuja kuziangalia.

Sheria ninayoifuata ni kwamba mwanga ukitofautiana sana, linda angavu na uvute vivuli baadaye. Mwanga ukiwa sawa lakini hafifu, kama ukumbi wenye taa chache au sebule ya jioni, pandisha ISO hadi picha iwe na mwangaza kamili hapo hapo, tena uzidishe kidogo.

Uso mweusi na kipimo cha kamera

Sehemu hii ndiyo iliyonifanya niandike. Kipimo cha mwanga ndani ya kamera hakijui kinaangalia nini. Kimetengenezwa kuamini kwamba dunia, ukiichanganya yote, ni ya kijivu cha wastani, na kitasukuma kila picha ifike hapo. Sasa fikiria ukumbi wa harusi wa Dar es Salaam: vitambaa vyeupe darini, meza zenye vitambaa vyeupe, shela jeupe, na katikati watu wenye ngozi nyeusi. Kamera inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga ili weupe ule uwe kijivu, na nyuso, ambazo tayari zinarudisha mwanga mdogo kuliko kitambaa, zinatupwa chini kabisa kwenye vivuli. Mpigaji anakuja kuzivuta juu mezani, na huko chini ndiko fotoni zilikuwa chache kuliko popote. Ngozi inatoka na rangi ya majivu, iliyojaa madoa.

Uso ukipigwa stopu mbili chini ya unavyotakiwa, kwa shata au tundu, umepokea robo ya mwanga wake. Kwa hesabu ya kipeuo cha pili tuliyoiona, chenga zake zimekuwa mbaya maradufu kabla hata chenga za mashine hazijahesabiwa. Na kadiri ngozi ilivyo nyeusi, ndivyo akiba ilivyokuwa ndogo tangu mwanzo. Makosa yale yale ya kipimo yanayoacha uso mweupe ukiwa salama yanauharibu uso mweusi.

Historia nayo haikusaidia. Kwa miongo kadhaa, maabara za picha za rangi zililinganisha mashine zao kwa kadi za Kodak zilizojulikana kama kadi za Shirley, zenye picha ya mwanamke mweupe, na ngozi yake ndiyo ikawa kipimo cha rangi sahihi. Kwa upande wa simu za Google, ni mwaka 2021 tu ambapo walitoa Pixel 6 wakiwa na mfumo wa Real Tone, uliolenga kurekebisha namna kamera inavyopima na kupaka rangi ngozi nyeusi. Kwa hiyo ukiona kamera inaukosea uso wa mama yako, ujue mashine hiyo haikufundishwa kwa uso wake, na wewe ndiye unayeishika.

Kinachofanyika ni hivi. Weka kipimo cha nukta badala ya kipimo cha eneo zima, na ukielekeze kwenye shavu lililopigwa na mwanga. Kamera itataka kulifanya shavu hilo kijivu cha wastani, yaani jeupe kidogo kuliko lilivyo. Mafunzo mengi yatakwambia ushushe stopu moja ili ngozi ibaki na weusi wake. Kama unapiga JPEG, faili ambalo kamera imeshalikamilisha yenyewe, fanya hivyo. Kama unapiga RAW, na hakuna kitu cha maana kinachoungua, usishushe. Acha uso uingie ukiwa angavu kupita kiasi kidogo, kwa shata au tundu ikiwezekana, kisha uushushe mezani hadi uwe na rangi yake ya kweli. Ngozi iliyokusanya mwanga mwingi kisha ikashushwa inakuwa safi, yenye kina, na mng'ao wa paji na wa mashavu unabaki. Ukitazama tofauti kati ya picha hiyo na iliyopigwa giza kisha ikavutwa, hutarudi nyuma.

Kushusha huko ni pamoja na kukataa kuwang'arisha watu. Vichujio vingi vya urembo, vikiambiwa "boresha ngozi", vinaipeleka kwenye weupe. Mteja anaweza kuomba, na ni haki yake kuomba. Lakini kuifanya bila kuulizwa ni kumrudishia mtu sura isiyo yake, na mimi siifanyi.

Jihadhari pia na kioo cha nyuma ya kamera. Gizani macho yako yamezoea weusi, na kioo kinang'aa kama taa, kwa hiyo picha yenye giza inaonekana sawa kabisa. Unafika nyumbani unakuta zote ziko chini stopu moja na nusu. Punguza mwangaza wa kioo kabla hujaanza na uangalie histogramu, ile grafu inayoonyesha mwangaza wa picha, giza likiwa kushoto na angavu kulia. Mlima wake ukiwa umebanana wote kushoto na uso uko humo, ongeza. Histogramu yenye rangi tatu ni bora zaidi, kwa sababu ya tatizo linalofuata.

Taa za zambarau

Taa za LED za kumbi na majukwaa zina tabia ya kutoa rangi moja au mbili tu. Chini ya taa nyekundu tupu, chaneli nyekundu ya kamera, yaani sehemu ya picha inayobeba wekundu, inaweza kuungua huku kijani na bluu zikiwa karibu tupu, na histogramu ya jumla ikakuonyesha kwamba mambo ni shwari. Unapata uso uliogeuka bapa la rangi, hauna pua wala shavu. Kuhariri hakutaleta kijani ambacho hakikuwepo. Ukiona taa hizo, shusha mwangaza stopu moja, subiri taa zibadilike, kwani huwa zinabadilika, na ikiwa picha ni ya lazima, igeuze nyeusi na nyeupe. Nimeona picha nyingi zilizookolewa hivyo zikawa ndizo zinazotundikwa ukutani.

Taa za kawaida za njano zinasamehe zaidi. Kwa kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga, balbu ya zamani iko karibu 2,700 hadi 3,200, mchana uko karibu 5,500. Ukipiga RAW unaweza kubadilisha waiti balansi, mpangilio unaoamua nyeupe ionekane vipi, baadaye bila hasara ya papo hapo. Ila kumbuka mwanga wa njano una bluu kidogo sana, na ukiulazimisha uwe mweupe kabisa, programu inaikuza chaneli ya bluu na chenga zake. Mimi huacha njano kiasi. Ilikuwa usiku, taa zilikuwa za njano, na watu wanaikumbuka hivyo.

Mfano mzuri ni Forodhani, Unguja, pale kwenye meza za pweza na mishikaki. Muuzaji ana balbu moja juu ya meza, inampiga kutoka juu, na macho yake yanaingia kivulini. Balbu ikiwa ndani ya fremu haiwezekani kuipata pamoja na uso, tofauti ni kubwa mno. Iache iungue, taa haina cha kuonyesha ndani yake. Au sogea hatua moja ili nguzo iifiche. Kisha subiri ainame kugeuza mishikaki: mwanga unaorudi kutoka kwenye meza unamjaza chini ya kidevu na machoni. Kwa f/2, 1/125 na ISO 1600 hivi unakuwa na picha ambayo mezani itahitaji dakika mbili tu. Kusogea hatua moja na kungoja ainame kumefanya kazi ambayo vitelezi vingeihangaikia nusu saa.

Mezani

Kuhariri picha ya usiku kuna mpangilio. Kwanza mwangaza wa jumla na waiti balansi, kwa sababu kila kitu kingine kinategemea hivyo. Pili, punguza chenga. Tatu, vivuli na sehemu angavu. Mwisho kabisa ukali. Ukiongeza ukali kabla ya kupunguza chenga, unachonoa ni chenga.

Chenga ziko za aina mbili na hazistahili dawa moja. Za rangi, yale madoa ya kijani na zambarau, ziondoe bila huruma, picha haipotezi chochote cha maana. Za mwangaza, yaani punje nyeusi na nyeupe, ziondoe kwa kiasi, kwa sababu programu haijui kutofautisha punje na uzi. Angalia kofia ya viua iliyoshonwa kwa mkono: matundu yake madogo ndiyo uzuri wake, na ndiyo ya kwanza kufutika ukisukuma kitelezi hadi 60. Misuko ya nywele inafuata. Ngozi inakuwa plastiki.

Tangu Aprili 2023 Lightroom ina kipunguza chenga cha akili mnemba kinachofanya kazi moja kwa moja kwenye RAW, na kampuni ya DxO walikuwa nacho kabla yao. Ni vizuri kweli, vinaokoa stopu moja au mbili. Lakini vinakisia. Kagua kope, meno, na hasa maandishi: jina la kanga lililo mbali kidogo linaweza kurudi likiwa na herufi ambazo hazipo katika lugha yoyote. Programu za kuhariri za Darktable na RawTherapee ni za bure na zinatosha kwa asiye na fedha ya kulipia kila mwezi.

Vivuli usivifungue vyote. Pandisha uso kwa kuuchagua peke yake, kwa brashi au duara laini, na uache kona za ukumbi ziende gizani. Ukivuta vivuli vya picha nzima unaalika chenga za kila kona, na usiku unageuka mchana wa mawingu. Nyeusi iwe nyeusi mahali fulani.

Pia usihukumu picha kwa asilimia 100 kama hakuna atakayeiona hivyo. Picha ya pikseli 6,000 kwa 4,000 ikipunguzwa kuwa 1,500 kwa 1,000, kila pikseli 16 zinaungana kuwa moja, na chenga zinashuka hadi robo. Picha ya ISO 6400 inayokusumbua kwenye kompyuta, kwenye WhatsApp ya mteja haina doa.

Kwa wenye simu

Simu ina sensa ndogo na haiwezi kushindana na lenzi kubwa kwa fremu moja, kwa hiyo inapiga nyingi. Night Sight, hali ya usiku ya simu za Google, ilipotoka mwaka 2018 ilikuwa inaunganisha hadi fremu 15, na wengine wamefuata. Kuunganisha fremu 15 kunapunguza chenga karibu mara nne, ni ile ile hesabu ya kipeuo cha pili. Sharti ni kwamba mtu atulie. Egemea ukuta, mwambie mtu abane pumzi, hesabu hadi tatu. Kwa wanaocheza, zima hali ya usiku, wasogeze chini ya taa, na gusa uso wao kwenye kioo kabla ya kupiga. Usivute zumu kwa vidole, tembea. Simu nyingi zina hali ya kitaalamu inayotoa RAW, na Snapseed inaifungua bure.

Kuchapisha

Karatasi haitoi mwanga, kwa hiyo picha ya usiku iliyopendeza kwenye kioo hutoka maabara ikiwa nzito, nyuso za watu weusi zikiwa za kwanza kuzama. Kabla ya kuagiza albamu nzima, chagua picha tatu zenye giza zaidi, zichapishe kwa saizi ndogo ya 4x6, na uziangalie sebuleni kwa mwenye harusi au mahali panapofanana napo, sio chini ya taa kali za dukani. Kwa kawaida utahitaji kuongeza robo hadi nusu stopu kwenye nyuso, bila kugusa nyeusi. Hifadhi nakala hizo za kuchapisha kwenye folda yake, tofauti na za mtandaoni.